Nani Ataagiza Wimbo Mpya Ukambani?

Mtu wa Mwingi au wa Wote anayetaka wimbo wa harusi ya bintiye hahitaji kufundishwa la kufanya. Anamtafuta mwanamuziki, wanapatana bei, anamwandikia majina ya wazee wa ukoo, ya bwana harusi na ya kijiji, kisha anasubiri. Mwanasiasa naye hufanya hivyo uchaguzi unapokaribia, na vikundi vya akina mama vilevile. Wimbo wa kuagiza ni jambo la kawaida Kitui na Makueni, na wapiga gitaa wa benga hupata humo sehemu ya riziki yao. Hakuna anayeshangaa kwamba wimbo unaanza na mtu aliyeuhitaji na akawa tayari kuulipia.

Mapema mwaka 1935 mpiga fidla Louis Krasner, mzaliwa wa Ukraine aliyelelewa Marekani, alifanya jambo hilohilo jijini Vienna. Alimwendea mtunzi Alban Berg akamwomba konsheto ya fidla na okestra, kwa dola 1,500. Berg hakuwa na hamu. Alikuwa katikati ya opera yake, Lulu, na kazi ya kuonyesha wepesi wa vidole vya mpigaji haikuwa ya kwake. Lakini Wanazi walikuwa wameshaubana muziki wake Ujerumani na mfuko ulikuwa umetoboka. Krasner akaongeza uchokozi kidogo: watu wanasema muziki huu wenu wa noti kumi na mbili ni hesabu tupu, hauna moyo, nani atawajibu kama si wewe?

Mwezi Aprili mwaka huo akafariki Manon Gropius, binti wa miaka 18 ambaye mama yake alikuwa rafiki wa Berg. Ugonjwa wa polio ndio uliomchukua. Berg, ambaye kwa kawaida aliandika polepole mno, alishika kalamu akaimaliza konsheto nzima kufikia Agosti, akaitunukia kumbukumbu ya malaika. Hakupata kuisikia. Alifariki mkesha wa Krismasi 1935 kwa sumu iliyoingia katika damu. Krasner aliipiga kwa mara ya kwanza Barcelona, tarehe 19 Aprili 1936, miezi mitatu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka Uhispania.

Leo konsheto hiyo hupigwa duniani kote, na wengi wanaihesabu miongoni mwa kazi bora za fidla za karne ya 20. Krasner hakukomea hapo. Mwaka 1940, huko Philadelphia, alikuwa wa kwanza kuipiga konsheto ya Arnold Schoenberg, ambayo watu walisema kwa mzaha kwamba inadai mpigaji mwenye vidole sita. Walikuwapo wapigaji wengi wa enzi yake waliompita kwa jina na kwa fedha. Lakini konsheto ya Berg ipo kwa sababu yeye aliiomba, na zote mbili alizitolea jasho, akazibeba mbele ya wasikilizaji walionuna. Alifariki mwaka 1995, na kila mwanafunzi wa fidla anayefungua ukurasa wa kwanza wa konsheto ya Berg hulikuta jina lake.

Nimeanza na marehemu, sasa tuje kwa aliye hai.

David Harrington alizaliwa Portland, Marekani, mwaka 1949. Usiku mmoja wa mwaka 1973, akiwa Seattle, redio ilirusha kazi ya George Crumb iitwayo Black Angels. Crumb alikuwa ameitia tarehe ya Ijumaa, 13 Machi 1970, akaongeza maneno ya kuonyesha kwamba imeandikwa wakati wa vita. Vita vyenyewe ni vile vya Vietnam. Ni muziki wa fidla mbili, viola na sello, lakini ala zimeunganishwa na vipaza sauti hadi zinapiga mayowe. Wapigaji wanaacha nyuzi zao wakagonga kengele kubwa za shaba, wanapitisha upinde kwenye ukingo wa glasi zilizotiwa maji, na katikati ya vurugu hiyo wanahesabu kwa sauti katika lugha mbalimbali. Kijerumani kimo, Kirusi kimo, Kijapani kimo, na Kiswahili pia kimo. Kila kundi la Ulaya au Marekani linalotaka kuipiga kazi hiyo sharti lijifunze kuhesabu kama mtoto wa chekechea wa Kibwezi.

Harrington alisema baadaye, mara nyingi na mahali pengi, kwamba usiku ule alijua muziki anaotaka kuupiga maishani. Mwaka huohuo akaunda kundi la watu wanne, Kronos Quartet, yeye akiwa kwenye kiti cha fidla ya kwanza. Mtunzi wa kwanza waliyemwagiza kazi alikuwa Ken Benshoof, na malipo yake yalikuwa mfuko wa donati. (Hapa kwetu angalau tungeongeza mbuzi.) Tangu siku hiyo kundi hilo limeagiza vipande na mapangilio ya muziki zaidi ya 1,000. Mwaka 2004 lilipata tuzo ya Grammy kwa kazi ya yuleyule Berg, na mwaka 2011 likapata tuzo ya Polar ya Uswidi. Mwaka 2024 wenzake wawili waliodumu naye tangu mwishoni mwa miaka ya sabini walistaafu. Yeye bado anapiga.

Nisimdanganye msomaji: si kila kipande kati ya hivyo zaidi ya elfu moja kinafaa kusikilizwa mara ya pili. Vingine ni majaribio yaliyopaswa kubaki mezani. Mwagizaji anayefanya kazi yake kwa moyo lazima akubali hasara hiyo, kwa maana hakuna anayejua ni kipi kitakachodumu hadi kipigwe. Mkulima wa Kitui anayepanda pojo na mtama bila hakika ya mvua anaielewa hesabu hiyo kuliko mhakiki wa New York.

Katika zile kazi kuna moja inayotugusa kwa karibu. Mwaka 1992 Kronos walitoa albamu Pieces of Africa, yenye kazi za watunzi saba wa bara hili: Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hassan Hakmoun wa Morocco, Foday Musa Suso wa Gambia, Hamza El Din wa Nubia, Obo Addy wa Ghana, Kevin Volans wa Afrika Kusini, na jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda. Ilipanda hadi kileleni mwa chati ya Billboard ya muziki wa klasiki. Watunzi wa Kiafrika, wote wakiwa hai wakati huo, wakawapita Beethoven na Mozart madukani kwa fidla zilezile mbili, viola na sello.

Tamusuza anastahili tukae kidogo. Alizaliwa mwaka 1951, akaenda Belfast ambako Volans alimfundisha utunzi, kisha akachukua udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akarudi kufundisha Makerere. Kazi yake aliyoiandika mwaka 1988 ina jina la Kiganda lenye maana ya kwenye njia ya msalaba. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyoingia kwenye albamu. Ukiisikiliza bila kuambiwa chochote, huwezi kukosa kutambua kwamba mtu huyu alilelewa na marimba za amadinda na ngoma za Buganda: sauti moja inaingia kwenye pengo la nyingine, noti tano zinazunguka na kuzunguka, hakuna anayetangulia wala anayebaki nyuma. Hakuinakili ngoma ya kwao kwenye karatasi kama mpiga picha. Aliandika kitu kipya, kwa jina lake, na aliyeipiga alimtaja.

Hilo la kutaja jina ni zito. Kenya ilipojiandaa kwa uhuru mwaka 1963, jopo la wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, liliupata wimbo wa taifa kutoka katika wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa kando ya Mto Tana, majirani wa Kitui kwa upande wa mashariki. Aliyewapa wimbo huo ni Mzee Meza Moroa Galana. Tunausimamia wima mashuleni na uwanjani. Waulize wanaouimba ni wangapi wanaolijua jina la mzee huyo.

Sasa turudi barabarani. Anayesafiri kwa gari au kwa treni kati ya Nairobi na Mombasa hukata Makueni kuanzia Sultan Hamud hadi Mtito Andei. Kila upande wa safari hiyo kuna fidla. Pwani iliingia kwa njia ya taarabu, ambayo mizizi yake inafika Misri kupitia Zanzibar. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na masikio ya Mombasa yamezoea fidla ikimjibu mwimbaji. Nairobi ilipata chuo cha muziki, Kenya Conservatoire, mwaka 1944, na Nairobi Orchestra mwaka 1947. Baadaye, mwaka 2008, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics huko Korogocho, karibu na jaa la Dandora, na watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kugusa fidla wakaingia kwenye okestra. Kwa hiyo fidla si ngeni Kenya, na wala si mali ya Mzungu peke yake. Ila imekuwa ikipita Makueni kwa miaka mingi bila kushuka kituoni.

Atakayesema ala hiyo haifai Ukambani ajikumbushe gitaa. Nalo lilikuja likiwa geni, na katika mikono ya watu kama Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers likawa la hapa kabisa. Kakai, aliyefariki mwaka 1987 akiwa bado kijana, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na magitaa yake mawili yanafukuzana juu ya besi kwa namna ambayo Mkamba huitambua kabla sauti ya mwimbaji haijaingia. Au akumbuke uchongaji wa vinyago. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos ya leo, alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nayo nyumbani, na miaka michache baadaye dunia nzima ikaamini Wakamba wamekuwa wakichonga twiga tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Na malighafi ipo. Kilumi bado inachezwa Kitui na Makueni, ngoma ya wanawake wazee zaidi kuliko ya vijana, ya kuombea mvua na kuponya mwili uliolemewa. Kiongozi anaita, wenzake wanapokea, ngoma zinashikilia chini, na wimbo hauna haraka ya kwisha kwa sababu hauishi hadi umefanya kazi yake. Vijana nao wana mbeni, yenye filimbi na miruko ya sarakasi. Haya hayakuachwa bila kuandikwa. Mwanamuziki na mtafiti Paul Kavyu alichapisha kitabu cha utangulizi wa muziki wa Wakamba mwaka 1977, akafuatiza kingine kuhusu ngoma zao katika miaka ya themanini. Mtunzi kijana wa Mutomo au wa Mbooni ana pa kuanzia, kama Tamusuza alivyokuwa napo.

Anachokosa ni mpigaji wa kumgongea mlango na kumwambia: niandikie.

Sababu zipo, na si zote za fedha. Mwanafunzi wa fidla nchini hulelewa na mitihani, mara nyingi ile ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, na vipande vyake huja vimechaguliwa tayari. Jukwaa lake kubwa ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambako anashindana kwa kipande ambacho wengine kumi wanakipiga pia. Anafunzwa kupiga sawasawa kilichokwisha kupigwa. Hakuna siku anayoambiwa akae na mtunzi aliye hai, amwonyeshe uzi gani unalia vizuri na mpito gani wa vidole hauwezekani, wabishane, wafute, waandike tena. Mpigaji akishafika miaka 25 bila kuyapitia hayo hata mara moja, mtunzi anakuwa kwake mtu wa picha ukutani, mwenye nywele nyeupe za bandia.

Kisha kuna hali ya hewa, ambayo wanaoandika kuhusu muziki Nairobi huisahau. Fidla ni mbao nyembamba zilizogundishwa, na ndani yake kinasimama kijiti kidogo kisichogundishwa na chochote. Kiangazi cha Kitui kikikausha hewa, mbao husinyaa, gundi huachia, vigingi vya kukazia nyuzi huteleza, na mwalimu anajikuta anakaza nyuzi nusu ya kipindi. Uzi mwembamba ukikatika, fundi na duka viko Nairobi. Hata ule utomvu mkavu wa msonobari wanaopaka upindeni si kitu cha kununua sokoni Kalundu. Shule ikipewa fidla kumi kwa msaada bila nyuzi za akiba na bila mtu aliyefunzwa kuzitengeneza, baada ya misimu miwili itakuwa na makasha kumi kabatini.

Kwa sababu hiyo sishawishiki na wanaotaka kaunti ianze kwa kununua okestra nzima. Sishawishiki pia na wanaosema tusubiri hadi watoto waimudu fidla ndipo tufikirie watunzi. Vitu hivyo viwili hukua pamoja. Kundi la watu wanne linatosha, na kundi hilo si lazima liwe la ala za Ulaya tupu. Mwanamuziki Labdi Ommes amethibitisha kwamba orutu, fidla ya Waluo yenye uzi mmoja tu, inaweza kusimama kwenye jukwaa la muziki wa leo bila kuomba radhi, tena mikononi mwa mwanamke, wakati wengi walizoea kuiona mikononi mwa wanaume. Naye Nyokabi Kariũki, mtunzi kijana wa Nairobi, alitoa mwaka 2022 kazi iliyojaa sauti za nyumbani, hadi za kulisha mbuzi maembe. Makueni, kaunti inayojisifu kwa maembe kuliko kitu kingine chochote, haina udhuru wa kusema jambo hilo haliwahusu.

Sheria haizuii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka shughuli za utamaduni na burudani za umma mikononi mwa serikali za kaunti. Bajeti za sherehe zipo, na kila Siku ya Mashujaa kuna vikundi vinavyolipwa kuimba. Kinachoimbwa ni sifa za walio jukwaani, na kesho yake kimesahaulika. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingeweza kumlipa mtunzi mmoja kwa mwaka aandike kipande kimoja kinachotokana na kilumi, akina mama wa kilumi wenyewe wakiwa wameketi naye, wametajwa kwa majina na wamelipwa, kisha kipigwe Kitui mjini, kipigwe Wote, kipigwe ukumbini Kwa Vonza kwenye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Kipigwe zaidi ya mara moja. Kazi mpya nyingi hufa baada ya onyesho la kwanza kwa sababu hakuna aliyejiandalia la pili.

Wapo watakaosema kwamba kilumi ni ya mizimu na haifai kuingizwa kanisani wala shuleni. Ni hofu ya kweli, na katika vijiji vingi vya Ukambani mtu hawezi kuipuuza. Lakini Tamusuza aliandika juu ya njia ya msalaba kwa lafudhi ya ngoma za Buganda, na msalaba haukudhurika. Tena tusisahau kwamba mtunzi mpya ana uhuru wa kuchukua mwendo wa ngoma akaacha maombi yake, au kuchukua maombi akaacha ngoma. Hilo ni la kuamuliwa na yeye na wazee waliomfundisha, si la kuamuliwa na mwandishi wa gazeti.

Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo mitatu waliyopewa kuchagua ni ule wa sanaa na michezo. Mzazi ambaye mtoto wake ameuchagua mkondo huo ana haki ya kumuuliza mwalimu maswali mawili: mtoto atapiga ala gani, na ni kazi gani ya mtunzi wa Kenya aliye hai atakayoisoma mwaka huu? Jibu la swali la pili likiwa kimya, usiondoke ofisini kwa kukasirika. Mwambie mwalimu kwamba mwaka 2015 Kronos Quartet walianza mpango wa Fifty for the Future, wa kuagiza vipande 50 vipya kwa watunzi wa kike na wa kiume kwa idadi sawa, akiwemo Angélique Kidjo wa Benin, mahususi kwa vijana wanaojifunza. Noti zote na rekodi za kujifunzia wameziweka kwenye intaneti, na kuzipakua ni bure.